Neno Nililompa Emmett Quade

Mji Mkuu, 9 Januari 1967

Dada Verna,

Nimefika salama. Barabara ilikuwa barafu tupu mpaka daraja la pili, nikaendesha kwa mwendo wa trekta, malori yakinipita na kunipigia honi. Chumba nimepanga kwa mama mmoja mjane ambaye kila kikao hupangisha wabunge. Kitanda ni kifupi, miguu yangu inaning'inia nje, ila kahawa yake imeipita yako. Usinipige, nasema ukweli.

Leo tumeapishwa, watu tisini na sita. Mimi wamenikalisha safu ya nyuma kabisa, karibu na bomba la joto linalogonga siku nzima. Nilidhani nitakuta watu wakubwa huku, dada. Nimewakuta watu wale wale tunaokunywa nao kahawa kwenye ghala la nafaka, wamefunga tai tu. Wakulima tele, wenye maduka, na mzika maiti mmoja ambaye kila mtu anamsalimia kwa adabu sana.

Na jirani yangu wa kiti, unadhani ni nani? Emmett Quade. Ndiyo, huyo huyo wa wilaya ya pili, aliyeandika gazetini kwamba Nyumba ya Velden, wanakolelewa Odell wetu na wenzake wenye ulemavu wa akili, ni ghala la kuwekea watu. Nilitaka kuomba nihamishwe. Akanipa mkono, akaniita kijana, mimi mwenye miaka arobaini na tano, akaniambia: "Hapa utasaini karatasi nyingi, zote hazina maana. Chenye maana ni huu mkono. Ukimpa mtu neno, umempa. Livunje mara moja tu, utakaa hapa miaka kumi hakuna atakayekuuliza hata saa ngapi." Simpendi, lakini hilo nimeliweka.

Msalimie Odell. Mwambie kaka yake amekwenda kuhakikisha hakuna atakayemhamisha. Najua hataelewa, wewe mwambie tu. Watu wa ghalani wakisema nimegombea kwa ajili ya bei ya ngano, waache waseme. Wewe na mimi tunajua nimegombea kwa ajili ya nani.

Ndugu yako,
Harlan

*

Velden, 15 Januari 1967

Mheshimiwa mdogo wangu,

Kunywa hiyo kahawa ya mjane, kisha uje kula viazi vyake pia, tuone utarudi na uzito gani.

Usinipigie simu tena. Laini yetu ya simu tunaitumia nyumba sita, yeyote akiinua mkono wa simu anasikia, na Jumanne ulipopiga nilisikia mama Dahl akihema pale katikati, na saa yake ya ukutani ikigonga. Asubuhi yake mji mzima ulijua una mafua. Andika barua, mimi nitajibu.

Nilimwambia Odell. Akanitazama, akaendelea kukunja taulo zake. Siku hizi anakunja za jengo zima, pembe kwa pembe, na muuguzi akikunja moja vibaya anaifungua anaanza upya. Ana miaka ishirini na minne pale, Harlan. Wale ndio watu wake. Wewe ulikuwa jeshini mwaka ule walipowahamishia wanaume jengo jipya, hukuona. Hatua mia mbili tu kuvuka uwanja, na hakula siku kumi na moja. Walimlisha kwa mpira puani, mikono imefungwa kitandani. Mimi nilikuwa nimekaa pale. Sitaki kuyaona tena, na ndiyo maana nilizunguka kila shamba kukuombea kura hata kwa watu nisiowasalimia.

Huyo Quade, kaa naye mbali. Akikuambia nje kuna theluji, toka ukaangalie mwenyewe.

Dada yako,
Verna

*

Mji Mkuu, 4 Februari 1975

Dada Verna,

Samahani kwa kimya. Hiki ni kikao changu cha tano na ndicho kibaya kuliko vyote. Nimesogezwa safu ya pili, nina kamati mbili, Spika ananiita kwa jina la kwanza, na sijawahi kujiona mdogo namna hii.

Muswada wa kuifunga Nyumba ya Velden umepita Seneti. Usishtuke kama ulisikia redioni, ndivyo ilivyo. Wakazi wote wapelekwe Fordham, maili mia mbili na themanini, kwenye kituo kikubwa kipya. Wanasema ni kwa faida yao. Wengine wanaosema hivyo ni watu wema kabisa, hilo ndilo linaloniumiza. Nimesimama mara tatu kusema kwamba kuna watu pale hawawezi kuhamishwa. Wananisikiliza kwa heshima, halafu wananiuliza kuhusu hali ya barabara za kwetu.

Sasa umebaki kwetu. Ukipita hapa, gavana anausaini siku hiyo hiyo au kesho yake. Kura zikilingana, muswada umekufa, ndiyo kanuni yetu. Anayeusukuma ni Royce Tillman, kiongozi wa upande wa pili. Anatembea na karatasi ya majina mfukoni, anaweka alama kwa penseli. Na mimi nina yangu.

Harlan

*

Velden, 10 Februari 1975

Harlan,

Jumatano alikuja bwana mmoja kutoka huko kwenu na utepe wa kupimia. Alipima vitanda na milango. Odell akadhani ni kazi, akamshikia ncha ya utepe kutoka chumba hadi chumba, asubuhi nzima, amefurahi. Bwana yule alipoondoka akampa mkono na kumwambia ahsante kwa msaada. Nilikwenda kusimama jikoni mpaka hasira ipungue.

Niambie ukweli, tuna kura ngapi? Usinifiche kitu kwa sababu eti mimi ni mwanamke wa jiko la shule. Mimi ndiye nitakayekuwa pale siku wanakuja kumchukua, si wewe.

Nasikia Quade ana saratani, yuko kwake kitandani, daktari wetu anamwendea. Sisemi kitu. Mungu ananisikia kwamba sisemi kitu.

Verna

*

Mji Mkuu, 17 Februari 1975

Dada,

Sikufichi. Nimehesabu mara nne. Ni arobaini na saba kwetu, arobaini na sita kwao. Tunashinda kwa kura moja ikiwa kila mtu atasimama alipoahidi kusimama. Kura ni Jumanne ijayo, tarehe ishirini na tano, saa nne asubuhi.

Mbebee Odell mkate wa sukari, sema umetoka kwangu.

Harlan

*

Mji Mkuu, 17 Februari 1975

Kwa Bibi Lorraine Quade,

Bibi Quade, nakuandikia ili upumzike kidogo kwenye jambo moja. Leo asubuhi Bwana Tillman alinifuata akaniambia kwamba kura zimekaribiana mno, na kwamba Jumanne atatuma gari la wagonjwa limlete Emmett hapa apige kura akiwa kwenye machela. Alinieleza kama mtu anayeeleza habari ya kuazima gari. Nikamwambia hakuna haja.

Nimesaini jozi na mumeo. Unajua desturi yetu, umekaa na mbunge miaka mingi: yeye angeukubali muswada, mimi ningeukataa, basi wote wawili tunakaa kimya, hesabu inabaki ile ile. Karani amenisomea kanuni kama inavyotakiwa. Jozi inakoma mmoja wetu akiingia ukumbini mwenyewe au akifariki. Vinginevyo nimefungwa. Mwambie Emmett alale kitandani kwake na asifikirie habari ya machela. Nimempa neno, naye ndiye aliyenifundisha maana yake.

Nakuomba kitu kimoja. Asijue mtu yeyote wa Velden, hasa dada yangu. Ana kaka yetu mdogo pale kwenye Nyumba, na kuna maneno ya zamani ya Emmett ambayo hajayasamehe. Akisikia nimejifunga mkono kwa ajili yenu hatanielewa.

Wako kwa heshima,
Harlan Brekke

*

Velden, Jumanne 25 Februari 1975, saa mbili asubuhi

Harlan,

Nakuandikia nikiwa nimesimama posta, maana theluji imeanza kushuka tena na dereva wa barua anataka kuondoka kabla njia haijafungwa. Leo ndiyo siku. Sikulala vizuri. Ukisoma hii mambo yatakuwa yamekwisha, lakini nilitaka ujue kwamba wakati mnapiga kura mimi nitakuwa kule Nyumba nimekaa na Odell. Nimeomba ruhusa shuleni.

Habari nyingine ni kwamba Emmett Quade amefariki leo saa kumi na moja alfajiri. Nimeambiwa na muuguzi wa daktari nilipopita kuchukua dawa ya Odell. Alikwenda kimya, anasema, mkewe amemshika mkono. Nilifikiria nikupigie simu pale Bungeni, najua mlikaa viti jirani miaka ile, halafu nikaona si habari ya kumsumbulia mtu asubuhi ya leo, na mama Dahl asikie. Nimekuwekea hapa. Sitajifanya nalia, ila mkewe namhurumia.

Simama imara, mdogo wangu. Wewe ndiye kura tuliyo na hakika nayo.

Verna

*

Mji Mkuu, Jumatano 26 Februari 1975

Dada Verna,

Utakuwa umesikia. Muswada umepita, arobaini na saba kwa arobaini na sita. Mbunge mmoja wa kusini aliyekuwa ameniahidi alisimama upande wao. Alipita mbele ya kiti changu akitazama zulia. Sijui walimpa nini.

Sasa kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisoma gazetini, kwa sababu watachapa majina na utakuta jina langu kati ya wasiopiga kura. Nilikuwa kwenye jozi na Emmett Quade. Walitaka kumleta mtu anayekufa kwenye machela, maili tisini kwenye barafu, ili anyanyue mkono. Sikuweza kukubali, Verna. Nilimpa neno kwamba nitanyamaza naye, nikamwandikia mkewe siku ile ile niliyokuandikia wewe habari ya mkate. Nilikuficha kwa sababu najua unavyomwona.

Tafadhali elewa hesabu, usinikasirikie bure. Tuko tisini na sita; Spika hapigi kura, na sisi wawili tulikuwa nje, wakabaki tisini na tatu. Angekuwepo, angepiga kura dhidi yangu, tungefutana. Jozi haikutugharimu kitu. Aliyetugharimu ni yule wa kusini. Jina langu lilipoitwa nilisimama nikasema, "Niko kwenye jozi na mheshimiwa Quade," nikakaa.

Saa kumi jioni Tillman alisimama, macho mekundu, akatangaza kwamba habari imetufikia kwamba Emmett amefariki. Tukanyamaza dakika moja. Mimi nikajiambia, basi angalau amekufa akijua nimetimiza neno langu. Ndicho kitu pekee kilichonisaidia kumaliza siku.

Odell yukoje? Nijibu haraka, hata kama ni mstari mmoja.

Harlan

*

Mji Mkuu, Ijumaa 28 Februari 1975

Verna,

Barua yako ya Jumanne imefika leo. Theluji iliishikilia siku tatu.

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeisoma nikiwa kwenye ngazi za Bunge na nikakaa pale pale chini, watu wakanizunguka kupita.

Nitakueleza kwa sababu nisipokueleza wewe nitapasuka. Jozi inakoma mtu akifa. Imeandikwa, karani alinisomea mwenyewe. Jina langu liliitwa saa nne na dakika ishirini. Emmett alikuwa amekufa zaidi ya saa tano. Nilikuwa huru, Verna, nilikuwa huru na sikujua, nikasimama mbele ya watu wote nikatangaza nimefungwa na maiti. Ningesema neno moja tu, hapana, zingekuwa arobaini na saba kwa arobaini na saba. Muswada ungekufa pale pale.

Nimekimbilia kwa karani. Ni mzee mwenye moyo, alinikalisha kwenye kiti chake. Anasema kura inaweza kurudiwa, lakini ombi lazima litolewe kabla ya kikao cha siku inayofuata kufungwa, na lazima alitoe mtu aliyekuwa upande ulioshinda. Siku hiyo imepita, na mimi sikuwa upande wowote. Gavana alisaini jana. Nikamuuliza kama kuna mlango mwingine. Alifungua kitabu cha kanuni, nadhani kwa kunihurumia tu, akapekua, akakifunga.

Ungenipigia simu. Hapana, sikulaumu. Ungepataje sababu ya kupiga? Nilihakikisha huna.

Harlan

*

Velden, 4 Machi 1975

Harlan,

Nimekaa na barua zako mbili siku mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nilichotaka kuandika mwanzo hakifai kupita posta.

Nilikuwa na habari mkononi. Saa moja na nusu asubuhi, na simu iko futi tatu kutoka nilipokuwa nimesimama. Kama ungeniandikia mstari mmoja tu, "niko kwenye jozi na Quade," ningepiga simu hata kama mama Dahl na kaunti nzima wangesikia. Ningepiga kelele mpaka wakutoe kitini. Lakini ulimwandikia Lorraine Quade, mimi ukaniambia nimpelekee Odell mkate.

Nakulaumu, sitasema sikulaumu. Na najilaumu vilevile, kwa sababu ningekuwa mtu mwenye moyo kidogo kwa yule mzee ningekupigia hata kwa ajili ya salamu za msiba tu. Nilijisikia mjanja sana kwa kutopiga.

Uliuliza Odell yukoje. Yuko vizuri. Anakunja taulo. Hajui lolote. Tarehe ya kuhama ni Julai.

Verna

*

Shambani kwa Quade, 6 Machi 1975

Mpendwa Bwana Brekke,

Tumemzika Emmett Jumamosi. Baridi ilikuwa kali, wakulima walileta trekta la kuvunjia ardhi. Niliona shada lako la maua, ahsante.

Nataka kukuandikia kuhusu asubuhi ile kwa sababu watoto wangu wanasema si kawaida, na mimi nawaambia hamjui Bunge la zamani lilivyokuwa. Alipofariki, kitu cha kwanza nilichokumbuka ni wewe. Alikuwa ameniagiza. Alisema, "Nikienda kabla ya kura, Lorraine, usimwache yule kijana kafungwa." Basi saa moja asubuhi nikampigia simu Bwana Tillman, maana namba yake ndiyo iliyokuwa imebandikwa ukutani. Nikamwambia Emmett ameondoka, na nikamwambia: tafadhali mwambie Harlan Brekke yuko huru. Alilia nami kwenye simu. Akaahidi atakufikia kabla hujaingia ukumbini.

Halafu gazeti lilipofika nikasoma kwamba ulisimama ukasema bado uko kwenye jozi naye. Ulikuwa huru, una kaka yako wa kumlinda, na bado ukanyamaza kwa heshima ya mtu aliyelala kitandani kwangu bado hajapoa. Niliwasomea watoto kwa sauti. Sikujua watu kama wewe bado wapo. Nimekata kipande hicho, nimekiweka kwenye Biblia yake.

Kama kuna siku utahitaji kitu kutoka kwa nyumba hii, omba.

Lorraine Quade

*

Mji Mkuu, 21 Machi 1975

Dada Verna,

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Lorraine Quade. Isome kwanza, kisha uendelee na yangu.

Umesoma. Basi Tillman alijua. Kuanzia saa moja asubuhi alijua, akanipita mlangoni, akanishika bega na kuniambia siku imekuwa ya baridi.

Nilimfuata ofisini kwake. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makali kuliko yote niliyowahi kusema. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kukanusha hata kidogo. Akasema, "Nilikusudia kukuambia baada ya kura, Harlan. Si habari ya kumpa mtu katikati ya shughuli." Nikamwambia alipewa ujumbe wa kunifikishia. Akasema hakuna kanuni inayomlazimisha kunibebea ujumbe, na ni kweli, hakuna. Kisha akasimama, akazunguka meza, akasema, "Ulitimiza neno lako. Hakuna atakayekunyang'anya hilo." Akaninyooshea mkono. Na mimi nikaupokea, Verna. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeshaupokea. Miaka minane ya kupokea mikono.

Jana ilikuwa siku ya kuwakumbuka wabunge waliofariki. Desturi ni kwamba anayesoma azimio la heshima ni yule aliyekaa jirani na marehemu. Spika akanichagua mimi, akasema mbele ya wote kwamba nilinyamaza kwa ajili ya rafiki na Bunge halitasahau. Walipiga makofi wakiwa wamesimama. Lorraine alikuwa roshani juu na binti zake. Aliyemvutia kiti na kumkalisha ni Tillman.

Nilikuwa na karatasi mbili mfukoni. Moja ya azimio, ya pili niliiandika mwenyewe, mistari sita, saa na dakika na jina la aliyepigiwa simu. Nilisimama pale na zote mbili. Nikamtazama Lorraine. Alikuwa amekaa wima kama mtu anayepewa kitu alichokingoja. Ningesoma ile ya pili, angejua kwamba ujumbe wa mwisho wa mumewe alimkabidhi mtu aliyeufukia, na kwamba kile kipande kwenye Biblia ni upuuzi, kwamba mimi sikuwa shujaa bali mtu asiyejua saa. Na muswada ungebaki sheria. Odell angehama vilevile.

Nikasoma azimio. Nilisoma vizuri, wanasema.

Sasa wanataka kunipa uenyekiti wa kamati ya fedha kikao kijacho. Tillman mwenyewe amependekeza, na watu wa chama changu wanaona ni heshima kubwa. Miaka minane nimekaa hapa nikiutafuta uzito huo ili niweze kumlinda mtu mmoja. Niambie nifanye nini. Nauliza kweli, sina mwingine wa kumuuliza.

Harlan

*

Velden, 20 Julai 1975

Harlan,

Hukupata jibu langu la Machi kwa sababu sikuliandika. Nilisoma barua ya Lorraine nikaifunga, nikaisoma tena. Ulifanya sawa kutomwambia. Nimekaa miezi minne nikitafuta mahali ulipokosea pale ukumbini siku ile ya azimio ili nikuambie, na sijapaona. Nilichukia kutokupaona.

Watu wa ghalani wanataka ugombee tena mwakani. Wanasema hakuna mbunge mwenye neno kama wewe. Mwenye ghala amebandika lile gazeti karibu na birika la kahawa. Mimi sisemi chochote, nanunua ninachonunua nakwenda.

Jumatatu yalikuja mabasi mawili. Ulipiga simu kwamba kamati ya kiangazi haikuruhusu, na nikakujibu vibaya, nisamehe. Labda ilikuwa afadhali. Kila mmoja alipewa begi la kitambaa lenye jina lake. Odell alibeba yake na za wengine watatu mpaka mlangoni, akazipanga chini kwa ukubwa, maana alidhani ni kazi. Kisha wakamwambia apande.

Hakupiga kelele. Alinishika koti hapa kifuani kwa mikono yote miwili na akafumba macho. Wewe unajua mikono yake ilivyo, na sasa ana miaka arobaini na minne, ni mtu mkubwa kuliko wewe. Walezi wawili walijaribu kumtoa. Mmoja alikuwa anamkunja kidole gumba kwa nyuma, hakuwa na nia mbaya, alikuwa na haraka tu. Nikawaambia mniachie. Nikamfungua mimi mwenyewe, kidole kimoja kimoja, polepole, nikimwimbia ule wimbo wa mama. Hakushindana hata kidogo. Aliachia kwa sababu ni mimi niliyekuwa namfungua.

Leo ni siku ya sita. Nimepiga simu Fordham mara tatu. Jana muuguzi aliniambia bado hajala, na kwamba wanafikiria mpira. Alikuwa mpole. Aliniuliza kama kuna chakula anachokipenda, nikasahau vyote, nikasema taulo. Mpeni taulo akunje. Akasema zao zinakunjwa na mashine.

Nakwenda kesho kwa basi la asubuhi, nitalala huko kwa siku watakazoniruhusu. Najua unataka kuja. Usije kwanza, Harlan. Akituona wote wawili pamoja atadhani tumekuja kumchukua.

Dada yako,
Verna